Kukwangua na kupaka rangi ya tumbo la boti bila kujidhuru

Rangi inayozuia chaza na mwani kuganda kwenye boti hufanya kazi kwa kutoa sumu majini kidogo kidogo. Nyingi zina oksidi ya shaba, ambayo inaweza kuzidi theluthi ya uzito wa rangi koponi. Aliyezoea kupaka deheni ya shahamu na chokaa kwa mikono mitupu abadili mazoea.

Watu huogopa kopo jipya, lakini balaa kubwa iko kwenye rangi kuukuu. Ukiisugua kavu inakuwa vumbi laini linaloingia mapafuni na kuwasha macho na ngozi. Boti ya zamani huenda ina TBT, sumu ya bati iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008. Tabaka zake bado zinaweza kuwa chini ya rangi mpya. Kwa hiyo usitumie grinda, wala usiichome kwa moto.

Pandisha boti mahali ambapo maji kujaa hayafiki, utandike turubai chini yake yote. Lowesha rangi, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 80, ukiendelea kumwagia maji ili isikauke. Vaa ovaroli ya mikono mirefu, miwani iliyoziba pembeni, glavu za nitraili na barakoa yenye kichujio cha vumbi cha P3. Kitambaa na barakoa ya hospitali havitoshi. Ndevu nazo huacha upenyo pembeni.

Wakati wa kupaka, kichujio cha vumbi pekee hakizuii mvuke wa tina, yaani kiyeyusha rangi. Ongeza cha mvuke, aina ya A2. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya boti, pale pale unapolala kupaka. Fanya kazi penye upepo, bila sigara wala jiko karibu. Tumia rola, kupuliza kwa bomba huongeza ukungu wa sumu. Boti ya alumini isipakwe rangi ya shaba, maana shaba huila alumini.

Kunja turubai na taka zote, zifunge kwenye mfuko mgumu, uulize halmashauri au bandari pa kuzipeleka. Usizifukie ufukweni. Kopo tupu litoboe lisije likatumika kutekea maji ya kunywa. Ovaroli ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Rangi ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, si kwa tina. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15, kisha nenda hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu tina ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali haraka pamoja na kopo lenye lebo.