Una mkopo wa nyumba Mwanza na umebaki na laki moja ya ziada: ianzie wapi?

Watu wenye mkopo wa nyumba huku kwetu, awe kajenga Buhongwa, kanunua Kisesa au yuko Nyegezi, wanauliza kitu kile kile. Mwezi huu nimebakiwa na laki moja, niipeleke benki nipunguze deni, niiweke akiba, au nijiongezee kwenye mafao ya uzeeni? Na hiyo laki yenyewe inagombaniwa na luku, gesi, ada, na mama yuko Sengerema dawa za presha zimeisha. Msimamo wangu ni kwamba deni la nyumba lazima life kabla hujastaafu, ila usianze kulishambulia kabla hujawa na hela ya dharura pembeni. Naomba nieleze kwa nini na unafanyaje.

Anza na dharura. Hela ukishaiingiza kwenye mkopo wa nyumba hairudi, huwezi kwenda kwa afisa mikopo wiki ijayo ukamwambia nirudishieni ile laki tano mtoto kalazwa Bugando. Hapo ndo mtu anaishia kwenye mikopo ya kausha damu, na riba wanayokutoza wale kwa mwezi mmoja inaweza kulingana na ya benki kwa mwaka mzima, kwa hiyo faida yote uliyopata kwa kupunguza deni la nyumba inaliwa ndani ya miezi michache. Kaa na mwenzio mwandike matumizi ya mwezi bila kudanganyana: rejesho la benki, chakula, luku, maji, nauli za daladala na boda, gesi, vocha, hela ya nyumbani kwa wazazi. Zidisha mara tatu. Hiyo ndo akiba ya kufikia kwanza, hata ikichukua mwaka na nusu.

Kama kipato chenu kinategemea dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, miezi mitatu haitoshi, fikirieni mitano au sita. Mnajua wenyewe mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki, boti zinapumzika na mzigo unakuwa haba, halafu mvua zikija mfululizo kuanika kunakuwa mtihani. Benki haijui habari za mwezi, tarehe ya rejesho ni ile ile. Kwa hiyo wiki za giza zikilipa vizuri, toa kwanza rejesho la mwezi unaokuja uliweke kabisa, ndo uanze kuhesabu ziada.

Wapi pa kuiweka? Isiwe kwenye simu, maana hela ya kwenye simu inaisha kwa buku tano tano. Akaunti tofauti isiyo na kadi ni nzuri, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao hela yako inakua huku ukiweza kuitoa ndani ya siku chache za kazi. Kikoba nakipenda na kinasaidia sana kwenye msiba, lakini akiba yako ya kikoba inatoka siku ya kuvunja, kwa hiyo usiihesabu kama dharura. Na ada sio dharura jamani! Januari inakuja kila mwaka, gawa ada ya mwaka kwa 12 uwe unaitenga kama unavyotenga hela ya maji. Hivyo hivyo kwa nyumba za milimani, ukuta wa kuzuia udongo na mifereji ni gharama ya kila masika, iwekee fungu lake kabla mvua haijakukumbusha.

Ukishafika hapo, maliza vidudu vyote vya riba kali: mikopo ya kwenye simu, ya mtaani, ya duka. Hili halina mjadala, deni dogo lenye riba kali linatangulia mbele ya deni kubwa la nyumba.

Sasa pensheni, na hapa naomba usome taratibu maana wengi wanaruka. Kama umeajiriwa, mchango wako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, unakatwa tu, jumla ni asilimia 20 ya mshahara, wewe na mwajiri mnachangia pamoja. Kazi yako ni kuhakikisha unafika. Chukua stetimenti ya michango, uiweke pembeni ya salari slipu, linganisha mwezi kwa mwezi. Ukiona mwezi umekatwa halafu kwenye mfuko haupo, fuatilia sasa hivi, hasa kama mwajiri wako ni kampuni au mtu binafsi. Pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180 ya michango, na kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kilichoanza Julai 2022 kinachukua idadi ya miezi yako, kinagawa kwa 580, kinazidisha na wastani wa mshahara wa miaka yako mitatu bora. Yaani kila mwezi uliopotea unapunguza pensheni yako mpaka unaingia kaburini.

Fanya hesabu hiyo kwa mtu aliyechangia miaka 30, miezi 360. Inakuja kama asilimia 62 ya ule wastani, halafu kuna sehemu inayotolewa kama mkupuo, yaani hela ya mara moja unapostaafu, kwa hiyo inayobaki kuingia kila mwezi ni karibu asilimia 40. Sasa jiulize, kwenye asilimia 40 ya mshahara wako, rejesho la nyumba linakaa wapi? Ndo maana nasema deni life kabla. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Andika mwaka wako wa kustaafu juu ya ratiba ya marejesho ya benki, kama ratiba inapita huo mwaka, au inaishia karibu sana, hapo umejua kazi uliyonayo. Mpango wa kusubiri mkupuo ndo ulipe deni lote siupendi kabisa, maana ule mkupuo ndo ungekuwa mtaji wako. Wewe wa biashara usiye na mwajiri, NSSF wanapokea wanaojiajiri, jiandikishe uchangie hata kidogo kila mwezi, hata kama una vyumba vya kupangisha. Mpangaji anaweza kuhama, chumba kikakaa kitupu miezi.

Haya, sasa ndo tunapeleka laki benki. Riba ya mikopo ya nyumba hapa kwetu kwa kawaida inacheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Wale wa kwenye mitandao wanaosema usikimbilie kumaliza mkopo wa nyumba bora uwekeze, wengi wanaongea habari za Uingereza, ambako kabla ya 2022 kuna watu walikuwa na mkopo wa nyumba chini ya asilimia 2. Kwetu riba ya hati fungani mpya ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilishushwa 2022 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Ukiwa na deni la 16, kila shilingi unayopunguza kwenye deni inakuokolea zaidi ya riba hiyo, na bila kubahatisha.

Mfano, mkopo wa milioni 50, riba asilimia 16 ya salio linalopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, miaka 15. Rejesho ni kama 734,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza karibu 667,000 ni riba, deni lenyewe linapungua kama 67,000 tu! Sasa ongeza laki moja kila mwezi tangu mwanzo, unamaliza kwa miaka 10 na kidogo badala ya 15, na unaokoa kama milioni 31. Laki ya miaka ya mwanzo ina nguvu kuliko laki ya mwishoni, kwa hiyo ukishakuwa na akiba usichelewe.

Kabla hujalipa nenda tawini na mkataba wako uulize mambo matatu. Riba ni ya salio linalopungua au ni flati, yaani inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hata ukishapunguza, maana kama ni flati na riba imeshapangwa yote, kulipa zaidi kunaweza kusikupunguzie kitu mpaka mkubaliane kwa maandishi. Kuna faini ya kulipa mapema? Na ya tatu ndo muhimu kuliko zote, hela ya ziada inaingia wapi. Ukiweka tu kwenye akaunti, benki inaweza kuiacha pale isubiri rejesho la mwezi ujao na deni lisipungue hata senti. Andika barua kwamba kiasi hiki kipunguze deni la msingi, na kwamba unataka muda upungue huku rejesho likibaki lile lile, halafu omba ratiba mpya iliyogongwa muhuri. Kama nyumba umeijenga kwa mkopo wa mshahara mambo ni hayo hayo, ila kaa mbali na topapu, kila ukiongeza mkopo unarudi kule mwanzo ambako rejesho karibu lote ni riba.

Usipeleke ziada yote huko. Mimi naona kwenye laki, elfu 70 iende kwenye deni na elfu 30 iendelee kukuza akiba, mpaka utakapokuwa umebakiza miaka kama mitano kustaafu, hapo sukuma deni kwa nguvu zote. Mwezi ukiwa mbaya, mzigo haujaja au kuna mgonjwa, acha kuongeza bila kujilaumu, lipa rejesho la kawaida tu kutoka kwenye akiba. Ukiona hata hilo litakushinda miezi miwili ijayo, nenda benki kabla hujachelewa hata rejesho moja uombe kupangiwa upya, na nenda na mwenzio, maana saini yake nayo ipo kwenye ile dhamana.