Jinsi ya Kulinganisha Programu za Ulinzi wa Vifaa na Utambulisho Kabla Kampuni Haijasaini Mkataba

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mifumo, au mkuu wa fedha, aliyepewa kazi ya kuchagua programu mbili ambazo mara nyingi hununuliwa kwa bajeti tofauti na kujadiliwa katika vikao tofauti: ile inayolinda kompyuta, seva na simu za wafanyakazi, na ile inayolinda akaunti zao, yaani nani anaingia, kwa njia gani, na anafika wapi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika kampuni za ukubwa wa kati, nyingi zikiwa za uwakala wa forodha na usafirishaji Mombasa na Dar es Salaam, na kosa ninalokutana nalo ni lilelile: kila zabuni hupimwa peke yake, kwa orodha ya sifa aliyoiandika muuzaji, ilhali mshambuliaji hupita katikati ya hizo mbili.

Kisa kimoja bado kinanikaa moyoni. Mhasibu wa kampuni moja ya uwakala alifungua kiungo kilichotumwa kutoka kwenye akaunti halisi ya mteja, ambayo nayo ilikuwa imeshadukuliwa. Ukurasa uliofunguka ulifanana kabisa na ule anaoingilia barua pepe kila asubuhi, akaandika nywila yake, kisha akaandika na tarakimu sita zilizoletwa kwenye simu. Hakuna programu haribifu iliyogusa kompyuta yake, kwa hiyo alama ya antivirusi ilibaki ya kijani mwanzo hadi mwisho. Aliyekuwa upande wa pili alinasa kuki ya kikao, yaani faili dogo linaloiambia tovuti kwamba mtu ameshaingia, akaingia kwenye sanduku la barua, akaweka kanuni ya kuhamisha kila barua iliyotaja ankara au malipo hadi kwenye folda ya RSS ambayo hakuna mtu huifungua, kisha akaanza kuwajibu wateja kwa jina la mhasibu. Tulijua siku ya kumi na moja, mteja wa Kampala alipopiga simu kuuliza kwa nini namba ya akaunti ya benki imebadilika. Tangu hapo silinganishi programu ya vifaa bila kuweka ya utambulisho kando yake.

Hatua ya kwanza: hesabu ulicho nacho

Andaa jedwali moja lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe wa vifaa: jina la mashine, mfumo endeshi na toleo lake, kiasi cha RAM, anayeitumia, na mahali ilipo. Usiziache seva za uhasibu zilizo kwenye chumba cha nyuma, wala simu binafsi zinazosoma barua pepe za kazi. Weka alama kwenye kila mashine ya Windows 10, kwa sababu Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na programu yoyote ya ulinzi utakayoiweka juu ya mfumo usiozibwa matundu inafanya kazi ikiwa imefungwa mkono mmoja.

Ukurasa wa pili uwe wa akaunti, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Orodhesha kila akaunti ya barua pepe, ya VPN (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa nje), ya mfumo wa uhasibu na ya usimamizi, kisha ukae na ofisi ya rasilimali watu muipitie jina kwa jina. Utakuta watu walioacha kazi mwaka juzi ambao akaunti zao bado ziko hai, akaunti ya mapokezi inayotumiwa na watu watano kwa nywila moja, na akaunti ya fundi wa nje yenye mamlaka yote. Si mambo madogo haya. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta na kulipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4, na waliofanya uchunguzi waligundua kwamba wavamizi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyohitaji nywila peke yake, bila uthibitisho wa hatua ya pili.

Hatua ya pili: soma leseni unazolipia tayari

Kabla ya kuomba bei mpya, fungua mkataba ulio nao. Kampuni nyingi zinalipia Microsoft 365 Business Premium kwa sababu ya barua pepe na Excel bila kujua kwamba ndani yake mna Defender for Business kwa ajili ya vifaa na Entra ID P1 kwa ajili ya utambulisho. Kifurushi hicho kina ukomo wa watumiaji 300, kila mtumiaji anaruhusiwa vifaa visivyozidi vitano, na seva zinahitaji leseni yake ya ziada, jambo ambalo wauzaji hulitaja mwishoni. Simaanishi kwamba hicho ndicho cha kuchagua. Ninachosema ni kwamba bidhaa nyingine yoyote, iwe CrowdStrike, SentinelOne au Sophos kwa upande wa vifaa, iwe Okta au Duo kwa upande wa utambulisho, ilinganishwe na kile ambacho fedha yako imeshakinunua, si na antivirusi ya bure.

Angalia pia kumbukumbu za kuingia zinahifadhiwa kwa muda gani. Kwa Entra ID ya bure ni siku 7, kwa P1 ni siku 30. Zilinganishe siku hizo na kumi na moja za mhasibu wetu, utaona kwa nini swali hili ninaliweka juu ya maswali mengi yanayoonekana makubwa.

Hatua ya tatu: chuja hadi zibaki bidhaa tatu

Kwa upande wa vifaa, soma matokeo ya maabara huru kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, kisha majaribio ya MITRE, shirika la Marekani lisilo la faida, ambayo huonyesha kila bidhaa iliona nini katika kila hatua ya shambulio lililoigizwa. MITRE haitoi mshindi wala haipangi nafasi, hivyo muuzaji akikuambia kwamba alishika nafasi ya kwanza, mwombe akuonyeshe amehesabu vipi. Kama mna wateja au kampuni mama huko Marekani, uliza mapema kama wana masharti juu ya nchi inakotoka programu. Kaspersky, kwa mfano, ilizuiwa na serikali ya Marekani mwaka 2024, na masasisho yake nchini humo yakakoma tarehe 29 Septemba mwaka huo.

Bidhaa tatu zinatosha. Zikizidi hapo, majaribio yanafanywa kwa haraka na hakuna linalojifunzwa.

Hatua ya nne: jaribu upande wa vifaa kwenye mashine zako mwenyewe

Omba muda wa majaribio usiopungua wiki mbili na uchague mashine kumi, ikiwemo ile dhaifu kuliko zote. Pima kwanza muda wa kuwaka na wa kufungua mfumo wa uhasibu kabla na baada ya kuiweka programu, kwa sababu mtumiaji anayesubiri dakika tano kila asubuhi atatafuta njia ya kuizima.

Anza na faili la EICAR, ambalo ni mstari wa alama 68 usio na madhara yoyote. Linathibitisha tu kwamba programu iko macho, na usikubali muuzaji alitumie kama ushahidi wa uwezo. Uwezo hupimwa kwa matendo: kwenye mashine iliyotengwa kwa ajili ya majaribio, isiyo na data ya kampuni, endesha majaribio ya Atomic Red Team (mkusanyiko wa majaribio madogo yanayoiga mashambulizi) yanayolingana na kipengele T1003.001 cha orodha ya mbinu za washambuliaji iitwayo MITRE ATT&CK, yaani kujaribu kusoma nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya mchakato wa LSASS, sehemu ya Windows inayothibitisha wanaoingia. Hapa ndipo ulinzi wa vifaa unapokutana na ulinzi wa utambulisho, kwani anayefanikiwa hapa haondoki na mashine moja, anaondoka na funguo za mashine nyingine. Andika kama programu ilizuia, ilitoa tahadhari tu, au ilinyamaza.

Kisha chomoa waya wa mtandao na urudie. Kwetu huku jaribio hili si la ziada. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa; programu inayotegemea wingu kwa kila uamuzi ingekuwa imelinda nini siku hizo? Mwisho, mpe mtumiaji mwenye mamlaka ya usimamizi wa mashine yake dakika kumi ajaribu kuisimamisha au kuiondoa. Akifaulu bila wewe kupata taarifa, iondoe bidhaa hiyo kwenye orodha.

Hatua ya tano: jaribu upande wa utambulisho

Orodha ya njia za uthibitisho ndiyo ya kwanza kusomwa. Tarakimu zinazoletwa kwa SMS ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini wizi wa laini za simu tunaujua sote. Tarakimu za programu ya simu nazo zinaweza kunaswa na ukurasa wa bandia kama ule wa mhasibu. Kitufe cha kukubali kilichomo kwenye simu kinaweza kumchosha mtu kwa maombi ya usiku kucha hadi akubali, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwa mkandarasi wa Uber mwezi Septemba 2022. Kinachozuia ukurasa wa bandia ni funguo za FIDO2, iwe za USB au zilizomo ndani ya kifaa, kwa kuwa ufunguo hukataa kujibu tovuti isiyo yake hata kama macho ya mtumiaji yamedanganyika. Uliza kama bidhaa inakuruhusu kulazimisha funguo hizo kwa kundi moja tu, mathalani uhasibu na wasimamizi, wakati wengine wakiendelea na njia nyingine.

Jaribu pia kumwondoa mfanyakazi. Funga akaunti moja ya majaribio saa nne asubuhi na uone ni mifumo mingapi bado inamkubali saa kumi jioni. Kisha mpigie simu mtu wenu wa huduma kwa watumiaji ukijifanya meneja aliyepoteza simu, kwa idhini ya uongozi, na usikilize anakuuliza nini kabla ya kukubadilishia uthibitisho.

Hatua ya sita: zoezi la saa

Zoezi hili ndilo lenye alama nyingi kuliko mengine yote kwenye jedwali langu. Mwenzako aingie kwenye akaunti ya majaribio kutoka mtandao mwingine, akitumia kikao kilichohamishwa, aweke kanuni ya barua ileile ya folda ya RSS, na wewe ushike saa. Andika dakika ambayo tahadhari ya kwanza ilitokea, dakika ambayo mtu aliiona, dakika ambayo kompyuta ilitengwa na mtandao, na dakika ambayo kikao kilikatika kweli, si dakika ambayo nywila ilibadilishwa. Kubadilisha nywila pekee hakumtoi nje aliyekwisha kuingia. Tokeni aliyo nayo, yaani kibali cha kidijitali alichopewa alipoingia, inaweza kuendelea kufanya kazi kwa saa nzima au zaidi. Katika zoezi moja nililosimamia, mashine ilitengwa haraka na kila mtu chumbani akafurahi, kisha tukaenda kunywa chai, tukarudi, na "mwizi" wetu alikuwa bado anasoma barua. Bidhaa zile mbili hazikuwa zikizungumza.

Hatua ya saba: jiandae kwa siku ambayo mlinzi mwenyewe ataanguka

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike ilitoa sasisho lenye kasoro. Liliondolewa saa 2:27, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilihitaji fundi kuzifikia moja baada ya nyingine. Kwa hiyo muulize kila muuzaji kama unaweza kuchelewesha masasisho ya kila aina kwa kundi la mashine, na uhakikishe funguo za kufungulia BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) zinapatikana hata seva zako zikiwa zimezimika. Akaunti mbili za dharura za usimamizi wa utambulisho ziwepo nazo, funguo zake zikiwa kwenye sefu.

Nakala za utambulisho ni za lazima vilevile. Programu haribifu ya NotPetya ilipoiangusha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, mwezi Juni 2017, seva zote zilizohifadhi orodha ya watumiaji wa kampuni zilifutika isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, ambayo iliponea kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kampuni ililazimika kujenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Hatua ya nane: bei, sheria na sahihi

Kokotoa gharama ya miaka mitatu kwa mtumiaji, katika dola na katika shilingi, ukijumlisha kodi na seva. Ongeza gharama ya mtu atakayesoma tahadhari saa nane usiku. Kama hamna mtu huyo, nunua huduma ya uangalizi au chagua bidhaa inayotenga mashine yenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji kugundulika, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo mkataba useme data na kumbukumbu zenu zinahifadhiwa nchi gani na mtazipata kwa muda gani mkizihitaji.

Saini mwaka mmoja kwanza. Anzeni na idara ya uhasibu na akaunti za wasimamizi katika wiki ya kwanza, na baada ya siku tisini rudieni zoezi la saa kwa jedwali lilelile.