Prius haina klachi ya kawaida: jinsi ya kupima dampa inayoteleza

Injini inapandisha raundi lakini gari halivuti. Kwenye gari la gia za mkono ungesema klachi imekwisha. Toyota Prius ya kizazi cha pili (2003–2009) haina klachi hiyo. Kati ya flaiwili na giaboksi kuna dampa: springi zinazomeza mtikiso wa injini, na diski ya msuguano inayoachia kidogo nguvu ikizidi, ili gia zisivunjike. Diski hiyo ndiyo huanza kuteleza.

Pima kwanza, ufungue baadaye. Ndani ya giaboksi, injini huzungusha kibebeo cha gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya kati). Gari lina mota mbili za umeme, MG1 na MG2. MG1 iko kwenye gia ya kati yenye meno 30. MG2 na magurudumu viko kwenye gia ya nje yenye meno 78. Kwa hiyo, kwa raundi kwa dakika:

MG1 = (injini × 3.6) − (MG2 × 2.6)

Unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, panda mlima kwa mwendo usiobadilika, mwenzako asome namba. Injini ikiwa 2,500 na MG2 2,000, MG1 iwe karibu 3,800. Ikibaki chini sana, dampa inateleza. Kodi ya hitilafu P0A90 nayo huweza kuonekana kwenye mashine. Usisome wakati unaongeza mafuta ghafla, kwa sababu mashine haichukui namba zote kwa wakati mmoja. Kupima gari limesimama hakutoshi: diski iliyochoka hushika vizuri ikiwa haina mzigo.

Kama tatizo ni kugonga tu wakati wa kuwaka, angalia kwanza maji ya rejeta. Gasketi ya silinda hedi inayovujisha maji ndani hugonga vilevile, na watu hubadilisha dampa bure.

Kabla ya kushusha giaboksi: zima gari, peleka ufunguo mbali, toa waya hasi wa betri ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1,000, chomoa plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa na ukae nayo mfukoni. Subiri dakika 10, kisha hakikisha kwa mita kwamba inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota) inasoma volti 0. Betri kubwa ni volti 201.6, lakini inverta huupandisha umeme hadi 500.

Ukikuta oili kwenye diski, badilisha sili ya krenki au ya shafti ya giaboksi iliyovuja, la sivyo dampa mpya italowa tena. Safisha uso wa flaiwili, usipake grisi kwenye msuguano, weka diski katikati kwa kifaa chake kabla ya kukaza bolti. Kisha rudi mlimani na hesabu ileile.