Kuhama Nyumba kwa Imani, Mkataba Ukiwa Mkononi

Chukua karatasi, igawe safu mbili. Upande mmoja andika yaliyo mikononi mwako: kukagua nyumba, kusoma mkataba, kupanga hela, kubadilisha kitasa. Upande wa pili andika yasiyo mikononi mwako: tabia ya mwenye nyumba, majirani, kazi kudumu mpaka kodi ijayo, watoto kuizoea shule. Ya kwanza fanya, ya pili mwachie Mungu kwa kuyaombea moja moja. Wengi huzichanganya safu hizi: mtu anakesha akiuombea mkataba asiousoma, kisha anakosa usingizi kwa ajili ya jirani ambaye hajamwona.

Hesabu kwanza. Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi jijini Dar es Salaam, mwenye nyumba akitaka miezi 6, ni 900,000. Dalali naye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, hivyo umefika 1,050,000 kabla ya kirikuu, wapakiaji na kitasa. Bakiza na chakula cha wiki mbili. Usione haya kupiga hesabu hizi. Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayeketi kwanza kukadiria gharama ya mnara asije akaishia kwenye msingi.

Nyumba ikague mara mbili, mchana na usiku, na ukiweza nenda mvua ikishanyesha. Masika, Machi hadi Mei, hayafichi kitu. Tazama chini ya ukuta: rangi mpya iliyoishia kimo cha goti mara nyingi inafunika alama ya maji. Fungua bomba usikie kama yanatoka au yanapumua tu. Uliza kama mita ya LUKU ni yako peke yako, kisha omba kuona risiti ya mwisho, kwa sababu deni la mita hukatwa kwenye hela unayonunulia umeme. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo. Hiyo ni ya mwenye nyumba, basi kubalianeni atakavyokurudishia. Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, uhakikishe kuwa anayejiita mwenye nyumba ndiye. Kodi mlipe yeye, si dalali, na udai risiti.

Hapa ndipo imani huwaangusha wenye haraka. "Mungu amenionyesha nyumba hii" ni sentensi inayofunga macho yasione ufa. Watu hutaka ishara kama ya Gideoni na ngozi yake ya kondoo, wakisahau kwamba Gideoni alikuwa ameshapewa agizo. Hakuwa anachagua pa kupanga. Omba hekima, halafu ipe nafasi: lala usiku mmoja kabla ya kutoa hela, hata dalali akisema kuna mteja mwingine njiani. Daima yuko mteja mwingine njiani.

Kabla ya kuondoka, chukua barua ya utambulisho kutoka parokia au usharika wako wa zamani. Ukiiacha, utahangaika siku ya ubatizo, ndoa au msiba. Ukifika, jiandikishe kwa mjumbe na ujitambulishe kwenye jumuiya wiki hiyo hiyo, hata maboksi yakiwa bado hayajafunguliwa.

Siku ya kuhama, vitu vya usiku wa kwanza vipakie garini mwisho ili vishuke kwanza: godoro, chandarua, tochi, kiberiti, sufuria moja, majani ya chai, sukari, maji lita 20, Biblia. Badilisha kitasa kabla ya giza. Kisha piteni chumba kwa chumba mkiomba, choo na jiko pia, na watoto wataje wenyewe wanachokiogopa. Zaburi ya 121 ni fupi, inatosha. Usiku huo utashtuka. Mara nyingi ni sauti ya bati au pampu ambayo sikio halijaizoea.

Hofu ya baadaye huja mwezi wa nne au wa tano tangu uhamie, kodi inapokaribia. Tenga 150,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza. Na ukitabiriwa kwamba baada ya miezi mitatu utakuwa kwenye nyumba yako mwenyewe, soma Yeremia 28 na 29 kwa pamoja. Hanania, nabii wa uongo, aliwaahidi watu kwamba mambo yangetengemaa baada ya miaka miwili. Yeremia akawaandikia mateka walioko Babeli wajenge, wapande bustani na wauombee mji ule. Basi tundika mapazia, hata kama ni nyumba ya kupanga. Toboa ndoo kuukuu chini, ijaze udongo na samadi, mwaga mbegu za mchicha. Baada ya wiki 3 au 4 unachuma, na ukihama tena, ndoo inapanda kirikuu pamoja nawe.