Namna ya kutunza maktaba ya C inayotumika kwenye mifumo mingi ya uendeshaji

Maktaba ya lugha ya C huandikwa kwa miezi michache lakini hutunzwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi ya kuitunza hutokana na ukweli kwamba Linux, macOS, Windows, FreeBSD na OpenBSD hazikubaliani hata katika mambo yanayoonekana madogo. Mwongozo huu unamlenga mtunzaji ambaye tayari ana maktaba inayofanya kazi kwenye mfumo mmoja, naye anataka ifanye kazi kwenye mingine bila msimbo wake kuwa vurugu. Msimamo wangu, ambao maelezo yote yanayofuata yanautegemea, ni kwamba tofauti za mifumo sharti zikusanywe mahali pamoja, nje ya msimbo mkuu, ili anayesoma msimbo mkuu aone kana kwamba mfumo ni mmoja tu.

Anza kwa kuamua kiwango

Kabla ya kugusa msimbo, amua ni toleo gani la kiwango cha C utakalolitegemea, kisha uliandike waziwazi kwenye faili ya maelezo ya mradi. C99, yaani toleo la mwaka 1999, ni chaguo la busara kwa maktaba nyingi. Kompaila ya Microsoft ilikawia kwa muda mrefu, lakini tangu mwaka 2020 inakubali C11 na C17, isipokuwa safu ambazo ukubwa wake hujulikana programu inapoendeshwa. Kwa hiyo safu za namna hiyo ziepuke kabisa. Upande wa mifumo ya jamii ya Unix, POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo hiyo, katika toleo lake la mwaka 2008, ni msingi unaoweza kuutegemea karibu kila mahali.

Ukishaamua, iambie kompaila. Kwenye Linux, chaguo la `-std=c99` huficha fanksheni za POSIX mpaka uzitake kwa kutangaza `_POSIX_C_SOURCE` yenye thamani `200809L`. Kwenye macOS na FreeBSD tangazo hilohilo huficha nyongeza za mfumo wenyewe ambazo zingeonekana iwapo usingetangaza lolote. Makro hizi hufanya kazi tu zikitangulia faili ya kichwa ya kwanza, kwa hiyo ziweke kwenye maagizo ya ujenzi, si ndani ya faili moja moja za msimbo, ambako mtu atakuja kuongeza `#include` juu yake bila kujua.

Tabaka la upatanifu

Tengeneza saraka moja, uiite `compat`, na humo uweke kila kitu ambacho mfumo fulani unakikosa. Kanuni ya saraka hiyo ni moja: kila kilichomo kinatoa fanksheni inayojulikana, kwa tabia ileile iliyoandikwa kwenye kiwango au kwenye mfumo ilikotoka. Usibuni kiolesura chako kipya pale ambapo kiolesura kizuri kipo. Msomaji anayeijua `strlcpy`, fanksheni ya kunakili maandishi bila kuzidi nafasi iliyopo, hapaswi kujifunza jina jingine ili aelewe msimbo wako.

Fanksheni hiyo yenyewe inaonyesha kwa nini tusiulize jina la mfumo. OpenBSD iliitoa mwaka 1998, ilhali glibc, maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux, iliipokea katika toleo la 2.38 mwaka 2023. Watu wengi waliandika `#ifdef __linux__` kwa maana ya kwamba Linux haina `strlcpy`, na dhana hiyo haikuwa sahihi hata wakati ule, kwa sababu musl, maktaba nyingine ya C inayotumika kwenye Linux, tayari ilikuwa nayo. Tena musl kwa makusudi haina makro ya kujitambulisha, hivyo anayetaka kuitambua kwa jina hana njia ya uhakika. Swali sahihi ni kama fanksheni ipo, nalo hujibiwa wakati wa ujenzi na zana za kuandaa ujenzi: Autoconf ina `AC_CHECK_FUNCS` na `AC_REPLACE_FUNCS`, na CMake ina `check_symbol_exists`. Jibu lihifadhiwe kwenye `config.h`, kisha faili moja ya kichwa iamue:

```c
/* compat.h */
#include <string.h>

#ifndef HAVE_STRLCPY
#define strlcpy mkt_strlcpy
size_t mkt_strlcpy(char *dst, const char *src, size_t dsize);
#endif
```

Kiambishi `mkt_` hakikuwekwa kwa mapambo. Iwapo maktaba yako na maktaba nyingine zote mbili zitatoa alama (jina la fanksheni kwenye faili iliyojengwa) yenye jina `strlcpy`, na mtumiaji akaziunganisha katika programu moja bila maktaba za pamoja, uunganishaji unaweza kukataa au, vibaya zaidi, kuchagua mojawapo kimyakimya. Kwa njia hii jina la kawaida linabaki kwenye msimbo, na jina lisilogongana na la mtu linabaki kwenye faili iliyojengwa.

Jaribio la uunganishaji peke yake linaweza kudanganya, hasa kwenye macOS. Fanksheni ya `clock_gettime` ilifika huko katika toleo la 10.12, mwaka 2016. Ukijenga kwa zana mpya huku ukilenga watumiaji wa toleo la zamani zaidi, jaribio litaiona fanksheni, ujenzi utakamilika, na programu itakufa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Tiba ni kutaja toleo la chini kabisa unalolilenga kwa `MACOSX_DEPLOYMENT_TARGET`, kisha kufanya majaribio yanayosoma faili za kichwa za mfumo, pamoja na chaguo la `-Werror=unguarded-availability`.

Yapo pia majina yanayofanana yenye maana tofauti, na haya ndiyo yanayochosha kuliko yote. `strerror_r` ya glibc, inayotoa maelezo ya kosa kwa maandishi, ikiwa `_GNU_SOURCE` imetangazwa, hurudisha pointa ya herufi na huenda isiguse kabisa nafasi uliyoipa. Ile ya POSIX hurudisha namba kamili na hujaza nafasi hiyo. `qsort_r` ya glibc, fanksheni ya kupanga, huweka muktadha (data ya ziada inayopewa fanksheni ya kulinganisha) mwishoni, ilhali ile ya macOS, na ya FreeBSD kabla ya toleo la 14, huuweka kabla ya fanksheni ya kulinganisha na huupitisha kama hoja ya kwanza. POSIX ya mwaka 2024 imefuata mpangilio wa glibc, lakini mifumo ya zamani itaendelea kuwapo. Kwa `strerror_r`, jaribu aina ya thamani inayorudishwa, si kuwapo kwa jina tu. Kwa `qsort_r`, ushauri wangu ni kuandika fanksheni yako ya kupanga ndani ya maktaba. Itakuwa na mistari michache kuliko majaribio ya kutambua `qsort_r` ni ya aina gani.

Pale ambapo kibadala hakikubaliki

Si kila pengo linafaa kuzibwa. Chukua namba za nasibu zinazotumika katika usimbaji fiche. OpenBSD ina `getentropy` na `arc4random_buf`; Linux ilipata wito wa `getrandom` katika toleo la 3.17 mwaka 2014, ingawa glibc iliutolea fanksheni katika toleo la 2.25 mwaka 2017; Windows ina `BCryptGenRandom`. Tabaka la upatanifu linaweza kuzificha hizi zote nyuma ya fanksheni moja. Lakini mfumo usio na hata moja kati ya hizo usitengenezewe kibadala kwa kuchanganya saa, namba ya mchakato na `rand()`. Weka `#error`, ujenzi ukome hapo. Mtumiaji aliyenyimwa maktaba atatafuta suluhisho, ilhali aliyepewa ufunguo dhaifu hatajua kamwe kwamba ana tatizo, na hilo ni dhara ambalo mtunzaji ana wajibu wa kulizuia hata kama litapunguza idadi ya mifumo anayoihudumia.

Jambo la aina hiyo hiyo ni kufuta siri kwenye kumbukumbu. `memset` inayofuatwa na `free` inaweza kuondolewa na kompaila, kwa kuwa hakuna anayesoma thamani hizo tena. Tumia `explicit_bzero` ilipo, `SecureZeroMemory` kwenye Windows na `memset_s` kwenye macOS.

Mfano mzuri wa mpangilio ninaoueleza ni LibreSSL, tawi la OpenSSL lililoanzishwa na OpenBSD mwaka 2014. Msimbo wake mkuu huandikwa kwa ajili ya OpenBSD, na toleo linalohamishika huongeza tabaka la upatanifu kwa mifumo mingine. OpenSSH hufuata utaratibu huohuo. Faida yake ni kwamba anayekagua usalama husoma msimbo usiokatwakatwa na masharti ya mifumo asiyoihitaji.

Ukubwa wa namba na mpangilio wa baiti

Kwenye Linux na macOS za biti 64, `long` ina biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, `long` ina biti 32, ingawa pointa na `size_t` zina 64. Msimbo unaohifadhi ukubwa wa faili au pointa ndani ya `long` utafaulu majaribio yote kwenye Linux na kuharibu data kwenye Windows. Tumia `size_t` kwa ukubwa wa kumbukumbu, `uint32_t` na `int64_t` kwa data yenye upana maalumu, na makro kama `PRIu64` unapochapisha.

Aina ya `char` huwa na alama ya hasi kwenye Linux ya prosesa za x86, na haina kwenye Linux ya ARM. Kwa hiyo matokeo ya `getc` yawekwe kwenye `int`, na herufi ibadilishwe kuwa `unsigned char` kabla ya kupewa `isalpha` na wenzake. Data inayotoka kwenye faili au mtandao isomwe baiti kwa baiti na kuunganishwa kwa kusogeza biti. Kuisoma kwa kugeuza aina ya pointa huvunja sheria za mpangilio wa kumbukumbu na hutoa majibu tofauti kwenye mashine zinazotanguliza baiti kubwa, yaani zinazohifadhi kwanza baiti yenye uzito mkubwa zaidi wa namba.

Windows inahitaji uangalifu wake

Faili ifunguliwe kwa `"rb"` au `"wb"`, la sivyo alama ya mwisho wa mstari itaandikwa kama jozi ya herufi, na baiti yenye thamani 26 itachukuliwa kuwa mwisho wa faili wakati wa kusoma. Majina ya faili yapokewe kwa UTF-8 kila mahali, kisha tabaka la upatanifu liyageuze kwa `MultiByteToWideChar` na kuita `_wfopen`. `rename` ya POSIX hubadilisha faili iliyopo kwa mkupuo mmoja, lakini ya Windows hushindwa iwapo jina jipya tayari lina faili. Hapo tumia `MoveFileExW` yenye `MOVEFILE_REPLACE_EXISTING`.

Soketi za Windows si namba za faili. Aina ya `SOCKET` haina hasi, hivyo sharti la `s < 0` halitatimia kamwe. Linganisha na `INVALID_SOCKET`, funga kwa `closesocket`, na usome kosa kwa `WSAGetLastError`, si kwa `errno`. Na tukiwa bado kwenye soketi: maktaba isiiue programu inayoitumia kwa ishara ya `SIGPIPE`, ambayo hutumwa programu inapoandika kwenye muunganisho uliokwisha kufungwa. Linux hutumia `MSG_NOSIGNAL` wakati wa kutuma, macOS hutumia `SO_NOSIGPIPE` kwenye soketi yenyewe.

Maktaba mbili kwenye Windows zinaweza kuwa na nakala tofauti za maktaba ya C, kila moja na hazina yake ya kumbukumbu. Kumbukumbu iliyotengwa na maktaba yako isiachwe iachiliwe na `free` ya mtumiaji. Toa fanksheni yako ya kuachilia. Kwa sababu hiyohiyo `FILE *` isionekane kwenye kiolesura cha umma.

Kiolesura cha umma

Faili ya kichwa inayosambazwa kwa watumiaji isitegemee `config.h` wala aina ambazo ukubwa wake hubadilika kwa chaguo la mjenzi. `off_t` ni mtego wa wazi: kwenye Linux ya biti 32 upana wake hufuata `_FILE_OFFSET_BITS`, na maktaba iliyojengwa kwa upana mmoja itaitwa na programu iliyojengwa kwa upana mwingine. Tumia `int64_t`. Miundo ya ndani ifichwe nyuma ya pointa, ili uweze kuongeza sehemu bila kuvunja programu zilizokwisha kujengwa. Alama zote zifichwe kwa `-fvisibility=hidden`, isipokuwa zile unazozitangaza, kama ambavyo Windows hudai `__declspec(dllexport)`.

Usitegemee steki kubwa, yaani kumbukumbu ya muda ya fanksheni. Uzi mpya (mkondo wa utekelezaji ndani ya programu) kwenye glibc kwa kawaida hupata MiB 8, kwenye macOS KiB 512, na kwenye musl KiB 128 tu. Safu ya KiB 200 ndani ya fanksheni haitaonekana kuwa kosa mpaka mtumiaji wa Alpine, Linux inayotumia musl, aiite kutoka kwenye uzi.

Majaribio

Jenga na ujaribu kila badiliko kwenye Linux ya glibc na ya musl, kwenye macOS, kwenye Windows kwa kompaila ya Microsoft na kwa MinGW (GCC ya Windows), na angalau kwenye BSD moja. Ongeza s390x, prosesa za IBM, kupitia kiigizaji cha QEMU, kwa kuwa hutanguliza baiti kubwa na hufichua makosa ambayo prosesa za kawaida hazitayaonyesha. Endesha pia majaribio yakiwa na `-fsanitize=address,undefined`, ili makosa ya kumbukumbu na tabia isiyofafanuliwa yagunduliwe. Kila kibadala kwenye `compat` kijaribiwe hata pale ambapo mfumo una fanksheni yake, ili tabia za viwili hivyo zilinganishwe. Faili za Linux unazozisambaza zikiwa zimejengwa tayari zijengwe kwenye glibc ya zamani kuliko zote unazoziunga mkono, kwani alama za toleo jipya hazipatikani kwenye la zamani.

Juu ya kila faili ya `compat` andika ni mfumo gani na toleo lipi linaloihitaji. Unapoacha kuunga mkono mfumo wa mwisho uliotajwa hapo, futa faili hiyo pamoja na jaribio lake la ujenzi katika badiliko lilelile, na ulitaje badiliko hilo kwenye maelezo ya toleo.