Injini ya pikapu inagonga ikipata moto? Pima presha ya oili kabla hujanunua feiza

Kama una pikapu ya V8 na ikishapata moto ukisimama unasikia inagonga ko-ko-ko kama dizeli, halafu ukikanyaga mafuta kidogo mlio unapotea, najua umeshaambiwa hizo ni kam feiza, badilisha. Inawezekana kweli ni zenyewe. Ila nimeona watu wanafunga feiza mpya zote mbili na baada ya miezi michache mlio umerudi palepale, kwasababu kilichoziua hakikuguswa, na mara nyingi kilichoziua ni oili kufika huko juu ikiwa haina nguvu.

Feiza ndo ile gia ya mbele ya kamshafti (shafti inayofungua vavu) inayovutwa na taiming cheni, ila sio chuma kimoja. Ganda la nje lina meno na linafuata cheni, ndani kuna rota yenye mabawa imefungwa kwa bolti kwenye kamshafti, na kati ya mabawa na ganda kuna vyumba vidogo vya oili. Oili ikiingia upande huu kamshafti inawahi, ikiingia upande ule inachelewa, kwahiyo vavu zinafunguka mapema au baadaye kidogo kufuatana na mzigo na spidi ya injini. Anayegawa hiyo oili ni solenoidi, kompyuta ya gari inaipa umeme kwa mapigo ya haraka sana halafu inasoma sensa ya kamshafti kuona kama imefika pale ilipoagizwa. Ukizima gari presha inaisha na kuna pini yenye springi inaingia kwenye tundu lake na kuifunga rota, ili ukiwasha isipigepige kabla oili haijapanda.

Sasa angalia hapo, kila kitu kinategemea oili. Injini ikipata moto oili inakuwa nyepesi, ukiwa umesimama pampu inazunguka polepole, na kama kuna sehemu presha inavuja basi kinachofika kwenye feiza ni kidogo. Rota inakosa oili ya kuishikilia, springi za vavu zinairudisha nyuma na mbele, mabawa yanagonga ganda, tundu la pini linapanuka. Huo ndo mlio wako.

Kwenye Ford F-150 za 2004 mpaka 2010 zenye injini ya lita 5.4 ya vavu 3 kwa kila silinda, mvujo maarufu uko kwenye tenshena, yaani vikaza cheni. Zile za plastiki zina sili ya mpira nyuma, inapasuka na kipande kinatoka, oili inamwagika hapohapo badala ya kupanda kwenye hedi (kichwa cha injini). Ukiifungua utaona mpira umekatika na pale ilipokaa pameoshwa na oili kuliko sehemu nyingine. Kidude kidogo sana lakini kinaua feiza za bei kubwa. Mimi nikifungua injini hiyo sirudishi plastiki, naweka tenshena za chuma.

Kwahiyo anza hivi. Angalia dipstiki (kijiti cha kupimia oili), kiwango na hali ya oili, 5.4 hiyo inachukua karibu lita 6.6 za 5W-20 na ikipungua lita moja tu feiza zinasikia. Halafu chomoa swichi ya oili ufunge geji ya mkono, injini iwe imepata moto kabisa, usome ikiwa imesimama inaunguruma taratibu. Usiamini geji ya dashibodi, kwenye hizo Ford sindano inakaa katikati ilimradi swichi imefunga, haikuambii presha ni ngapi. Mimi nikiona chini ya psi 25 ikiwa ya moto sinunui feiza, natafuta kwanza presha inapotelea wapi, tenshena, pampu, au bearing zimelika.

Presha ikiwa nzuri chomoa plagi za solenoidi mlio ukiwepo. Kompyuta haitaweza tena kusogeza feiza, na kama kugonga kumepungua au kumeisha shaka iko kwenye feiza au solenoidi. Taa ya injini itawaka, ni kawaida, utaifuta baadaye. Ukisoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, za P0010 na P0020 anza na waya, plagi na solenoidi yenyewe. P0011, P0012, P0021 na P0022 zinasema kamshafti haiko ilipoagizwa, na hapo toa solenoidi uangalie chujio lake dogo, ukikuta tope jua oili imekaa muda mrefu sana bila kubadilishwa, ukikuta chembe zinazong'aa jua kuna chuma kinalika. Na kama mlio uko asubuhi injini ikiwa baridi halafu unapungua ikipata moto, angalia kwanza manifoldi ya ekzosi, bolti zake hukatika na mvujo unalia tik-tik watu wakadhani ni feiza.

Ukiamua kufungua, badilisha feiza, solenoidi, cheni, gaidi (reli zinazoongoza cheni) na tenshena zote kwa mpigo mmoja, na bolti za feiza ziwe mpya kwasababu zinavutika zikikazwa, ukaze kwa toki (nguvu ya kukazia) na digrii za kitabu cha injini. Panga alama za taiming kwa utulivu, hii injini ukikosea pistoni inakutana na vavu. Ukimaliza zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, raundi mbili kamili, ikikwama popote simama, usijaribu kwa stata hata kidogo.

Weka filta yenye vavu ya kuzuia oili isirudi chini gari ikilala, bila hiyo feiza zinawashwa kavu kila asubuhi. Oili ya kwanza baada ya kazi imwage mapema, kata filta uikunjue karatasi yake kwenye mwanga uone kama bado kuna chuma kinatembea.