Star Trek TNG ina episodi 178, hivi ndo unavyochagua za kuangalia na za kuruka

Mdogo wangu alinirudishia flashi baada ya siku tatu. Nilikuwa nimemwekea Star Trek: The Next Generation (TNG) yote, ile sirizi ya Kimarekani ya watu wanaozunguka sayari kwa meli ya anga, nikamwambia anza mwanzo nenda kwa mpangilio, akafika kama episodi ya nne hivi akasema kaka hawa watu wanaongea tu, hakuna kinachoendelea. Iliniuma kwasababu mi najua huko mbele kuna nini. Ukapita kama mwaka, siku moja umeme umerudi usiku tuko wawili sebuleni nikamwambia angalia moja tu, hii moja, ukichoka sikusumbui tena. Nikamwekea "The Measure of a Man" ya msimu wa pili, ile ya kesi ya roboti wa melini anayeitwa Data. Katikati akaweka simu chini, mwisho akauliza kuna nyingine kama hii? Zipo, nyingi tu, ila zimechanganyikana na makapi, na tangu siku ile kila mtu anayeniuliza aanzie wapi nampa njia hii ninayoiandika hapa.

Kwanza ujue unaingia kwenye kitu gani. Ni misimu saba, 1987 mpaka 1994, episodi 178, kila moja kama dakika 45. Piga hesabu, ni zaidi ya masaa 130, ukiangalia moja kila usiku bila kukosa ni karibu miezi sita, na kama unaangalia kwa bando ndo kabisa huwezi kuvumilia episodi mbovu tano mfululizo kwa ahadi kwamba mbele kuna utamu. Kwahiyo kuruka hapa sio dhambi wala sio uvivu.

Alafu sirizi hii yenyewe inaruhusu kurukwa. Kule Marekani haikuwa ya chaneli moja kubwa, walikuwa wanaiuza kwa vituo vya mikoani huko, kila kituo kinaonyesha kwa saa yake, ndomana episodi nyingi zilitengenezwa zijitegemee, tatizo linaanza linaisha mle mle, wiki inayofuata meli iko sayari nyingine na maisha yanaendelea. Usije ukaipeleka njia hii kwenye Deep Space Nine, sirizi nyingine ya Star Trek, ukadhani itakubali, ile huko mwishoni vita inaenda episodi kwa episodi, ukiruka mbili umepotea.

Sasa ingawa nyingi zinajitegemea, kuna kamba zinapita ndani yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hapa ndo watu wanakosea, wanachukua orodha ya episodi zenye maksi kubwa mtandaoni wanaangalia hizo tu, wanaishia kuona vilele bila kuona njia ya kupandia. Mi nachagua kwa kamba. Jiulize ni mtu gani kwenye ile meli anakuvuta, mfuate huyo. Ukimpenda Worf, yule Mklingoni, yaani wa jamii ya wapiganaji wa sayari nyingine, kamba yake ni "Heart of Glory", "The Emissary", "Sins of the Father", "Reunion" mpaka "Redemption" zote mbili, hapo umepata hadithi nzima ya mtu na heshima ya baba yake, na ukikosa "The Emissary" basi "Reunion" itakupita juu juu tu. Ukimpenda Data, yule roboti anayetamani kuwa mtu, anza na "Datalore" hata kama haijatulia sana, maana ndani yake anatokea mwenzake anayefanana nae kila kitu, alafu "The Measure of a Man", "The Offspring", "Brothers". Kwenye "Brothers" Brent Spiner, muigizaji wa Data, anacheza watu watatu peke yake na unasahau kabisa kwamba ni mtu mmoja. Kamba ya Borg, maadui wa kutisha kuliko wote humu, inaanza "Q Who" msimu wa pili, inapanda kwenye "The Best of Both Worlds" mwisho wa msimu wa tatu, na tafadhali sana usiishie sehemu ya pili ya ile ukadhani imekwisha, inayofuata inaitwa "Family" na ndo inaifunga.

Niongelee kidogo hiyo "Family" maana inarukwa sana. Hakuna adui, hakuna kupigana, karibu hakuna hata anga. Kapteni Picard anarudi kijijini kwao Ufaransa kwa kaka yake mkulima wa zabibu ambae hawajaelewana tangu utotoni, wanagombana, wanaangushana kwenye matope. Ndo hivyo tu. Lakini yale yaliyompata Picard kwenye episodi mbili za kabla yake, sirizi nyingine yoyote ya wakati ule ingemrudisha kazini wiki inayofuata anatabasamu, hawa wakampa siku ya kulia. Mtu akiniambia ameiruka kwasababu haina action, namwomba arudi.

Msimu wa kwanza ndo unaofukuza watu, na ushauri wa wengi ni uruke wote. Mi nakataa. Ukiuruka wote, episodi ya mwisho kabisa ya sirizi inakufa mikononi mwako, kwasababu inarudi pale pale ilipoanzia, kwenye "Encounter at Farpoint", kiumbe mwenye nguvu za ajabu anayeitwa Q amewaweka binadamu wote kizimbani. Hiyo ya kwanza iangalie hata ukiwa unapika. Baada ya hapo chukua "Where No One Has Gone Before", "The Big Goodbye", "Datalore", "11001001", "Heart of Glory", "Skin of Evil", "Conspiracy" na "The Neutral Zone". Zingine za msimu ule achana nazo. "Skin of Evil" sio nzuri, adui wake ni dimbwi la lami, ila kuna jambo linatokea mle kwa mmoja wa watu wa melini, sisemi nani, na bila kulijua "Yesterday's Enterprise" ya msimu wa tatu itakuwa nusu tu ya ilivyo. Hiyo ndo maana ya kuchagua kwa kamba, mbovu inabaki kwasababu nzuri inaitegemea. "Conspiracy" usiangalie na watoto, kuna sehemu ya mwisho pale inachafua roho.

Na "Code of Honor" iruke. Ni ya tatu au ya nne kutegemea wameihesabu vipi ile ndefu ya kwanza, yaani iko mlangoni kabisa, na nina uhakika imefukuza waafrika wengi kuliko yoyote. Wanafika sayari ambayo wakazi wake wote ni weusi, chifu anamtamani mwanamke mzungu wa melini anamteka, wanapigana mpaka kufa kwa mila. Mwaka 1987! Kwenye jina lile lile la Star Trek ambalo mwaka 1966 lilimweka muigizaji mweusi Nichelle Nichols kwenye kiti cha mawasiliano akiitwa Uhura, jina lililotoka kwenye neno letu wenyewe uhuru. Mi nimeiangalia mara moja nikiwa peke yangu na sikuipenda hata dakika moja. Huna unachokosa, hakuna kamba inayopita humo. Ukitaka kuona upande mwingine wa sirizi hiyo hiyo nenda msimu wa sita, "Second Chances", imeongozwa na LeVar Burton, muigizaji mweusi anayecheza Geordi, fundi mkuu wa meli, ndo mara yake ya kwanza kuongoza, na kuna dada anatokea kidogo tu kwenye chumba cha mtambo wa kuhamisha watu toka melini kwenda sayarini, yule ni Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu kweli kweli, Septemba 1992, na mwenyewe alishasema Uhura alimpa moyo tangu mtoto. Kila nikifika pale naisimamisha.

Msimu wa pili una episodi 22 badala ya 26 kwasababu waandishi wa Marekani waligoma 1988, na dalili za mgomo unaziona. Ya mwisho, "Shades of Gray", Riker, msaidizi wa kapteni, amelala kitandani mgonjwa wanaturudishia vipande vya episodi za nyuma ili kubana matumizi. Hiyo ruka macho yakiwa yamefumba. "Up the Long Ladder" na "The Outrageous Okona" nazo ziache. Bakiza "Elementary, Dear Data" maana ina mwenzake msimu wa sita, "Ship in a Bottle", bakiza "A Matter of Honor", "The Measure of a Man", "Q Who", "The Emissary". Usishangae daktari amebadilika, yule wa kwanza anarudi msimu wa tatu.

Kuanzia msimu wa tatu mambo yanageuka, Michael Piller anashika uandishi na anafungua mlango kwa maandiko ya watu wa nje, ndo alivyoingia kijana Ronald D. Moore. Hapa badili staili, badala ya kuchagua za kuangalia, chagua za kuruka, maana nzuri ni nyingi. Na kwa zile usizozijua tumia kipimo changu cha dakika 15. Angalia kile kipande cha kabla ya wimbo, angalia kidogo baada yake, alafu uliza, kuna mtu humu analazimika kuamua kitu kigumu? Kama yupo, endelea. Kama ni mtambo tu umeharibika na wanarushiana maneno ya kiufundi, toka. Kuna episodi zinakujibu mapema zaidi, "Cause and Effect" meli inalipuka na watu wote kabla hata ya wimbo, nani atazima hapo?

Kingine soma majina, yanapita chini mwanzoni. Ukiona Moore tegemea Waklingoni au kosa la zamani la mtu linalomrudia, "Tapestry" ni yake. Ukiona Brannon Braga tegemea akili yako kuzungushwa, "Frame of Mind" na "Parallels" ni zake, ila na "Genesis" ni yake, ile watu wanageuka wanyama, kwahiyo jina sio dhamana, ni dalili.

"Darmok", msimu wa tano, hii naiombea nafasi peke yake. Picard anaachwa sayarini na kapteni wa watu ambao mashine ya kutafsiri inatafsiri kila neno lao na bado haeleweki mtu, kwasababu wao hawasemi kitu moja kwa moja, wanataja tu mtu na mahali kwenye hadithi zao za kale na msikilizaji anatakiwa ajue hadithi. Nimesoma watu wanasema haiwezekani lugha kuwa hivyo. Sisi tumekua na bibi zetu. Mtu anamvalia jirani kanga yenye maneno yake na ujumbe unafika bila mdomo kufunguliwa, mzee anakwambia sikio la kufa na kanyamaza, hamalizii, ukijua utajua. Jaribu kumtafsiria mgeni hiyo neno kwa neno uone kama ataelewa, atabaki kujiuliza sikio limefanyaje. Kwahiyo sisi tunaingia "Darmok" na kitu mkononi tayari. Iangalie usiku umetulia, simu mbali, na iangalie na mzee wa nyumbani kama yupo anayependa hadithi, ukimtafsiria taratibu. Mama yangu hajui Star Trek ni nini, hiyo aliielewa kabla yangu.

Msimu huo huo kuna "The Inner Light" iliyopata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi za kubuni, 1993, sikuambii chochote, usisome hata maelezo yake. Wa sita chukua "Relics", "Chain of Command" zote mbili (sio za watoto, kuna mateso), "Tapestry". Na sheria moja ya episodi za sehemu mbili, usianze ya kwanza kama huna muda wa ya pili.

Msimu wa saba unaonekana wamechoka. "Sub Rosa", daktari na mzimu wa kwenye mshumaa, ruka. "Masks" ruka. Chukua "Parallels", "The Pegasus", "Preemptive Strike", na "Lower Decks" ambayo inawafuata maofisa wadogo wanaosubiri promosheni huku wakubwa tuliowazoea wakionekana kwa mbali, kama wafanyakazi wa kawaida wanavyowaona mabosi.

Alafu ya mwisho, "All Good Things...", dakika kama 90. Kabla hujaifungua rudia ile kesi ya kwenye "Farpoint", sio yote, ile sehemu ya mahakama tu. Na kitu kingine cha kubeba, kila ukiona maofisa wamekaa kwenye meza ya karata wanacheza poka, kuanzia "The Measure of a Man" ambapo ile meza inaonekana kwa mara ya kwanza, angalia nani yupo na nani huwa hakai pale.